Afyuni, Mofini na Kalamu ya Daktari: Historia ya Sheria za Dawa Kali za Maumivu



Makala ya leo inahusu historia ya dawa, na huenda wengine wakajiuliza inatuhusu nini sisi. Naomba mnivumilie nianze na jambo la nyumbani kwetu, Buyenzi.

Mama yetu mdogo aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Ilipofika hatua ambayo hospitali haikuwa na la kufanya, tulimrudisha nyumbani tukamuuguza katika chumba cha uani. Mchana alivumilia. Usiku alilia mpaka majirani wa ua wa pili wakawa wanakuja kutupa pole asubuhi, kama watu waliofiwa. Tulikuwa na parasetamo, tukawa na vidonge vingine vya maumivu vyenye nguvu kidogo, na vyote vilifika mahali vikawa kama maji. Nikamwendea daktari aliyekuwa akimtibu nikamwuliza: kuna dawa inaitwa mofini, kwa nini hamumpi? Akanijibu kwa upole kwamba hapo walipo hawanayo, na hata ingekuwapo karatasi zake ni nyingi na hakuna daktari anayependa kuzijaza. Nikarudi nyumbani nikawaeleza jamaa. Mzee mmoja wa ukoo wetu, mtu wa swala tano na heshima zake, akasema: "Afadhali. Ile ni kasumba. Mnataka afe akiwa amelewa?"

Mama mdogo alifariki kabla ya adhana ya Alfajiri, Allah amrehemu na amfutie makosa kwa yale aliyoyapata. Lakini yale majibu mawili, la daktari na la mzee, yalibaki kichwani mwangu miaka mingi. Karatasi zile zilitoka wapi? Nani aliziweka, na kwa sababu gani? Na je, ni kweli kwamba wanazuoni wetu waliifunga mlango dawa hii? Nikaanza kusoma kidogo kidogo, na haya ndiyo niliyoyakuta.

NENO LENYEWE

Afyuni ni utomvu wa mmea wa mpopi. Neno limetujia kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani. Kwa Kiswahili tunalo pia neno kasumba, ambalo siku hizi tunalijua zaidi kwa maana ya mawazo mabaya yaliyomkaa mtu kichwani, kama tunavyosema "kasumba za kikoloni". Asili yake ni hii hii afyuni. Kwa hiyo mzee wetu hakukosea neno, maana mofini inatokana na afyuni kweli. Tatizo ni hukumu aliyoijenga juu ya neno.

Waganga wa Kiislamu waliijua afyuni vizuri. Abu Bakr al-Razi na Ibn Sina wote waliiandika katika vitabu vyao kama dawa ya kutuliza maumivu, kuleta usingizi, kuzuia kikohozi na kuhara. Waliijua na hatari yake pia. Kuna kisa ambacho mwanafunzi wa Ibn Sina, Abu Ubayd al-Juzjani, alikiandika kuhusu ugonjwa wa mwisho wa mwalimu wake. Ibn Sina alishikwa na maumivu makali ya tumbo akawa anajitibu mwenyewe. Aliagiza katika dawa yake iwekwe mbegu za selari kiasi cha danaki mbili. Tabibu aliyemhudumia akaweka dirhamu tano. Danaki ni sehemu ya sita ya dirhamu, kwa hiyo wanafunzi wa hesabu watuambie: ni mara kumi na tano ya alichoagiza! Kisha, kwa mujibu wa al-Juzjani, mtumishi wake mmoja akamtilia afyuni nyingi katika dawa nyingine, kwa sababu watumishi walikuwa wamemwibia mali na waliogopa akipona. Ibn Sina alifariki Hamadhan mwaka 428 Hijria, yaani 1037. Mtu aliyewafundisha walimwengu vipimo vya dawa, ugonjwa wake ulizidishwa na watu wasiofuata kipimo.

Kosa la tabibu yule na hila ya mtumishi yule ni mambo mawili tofauti, lakini sheria zote za dawa kali ambazo dunia imeziandika tangu hapo zinajaribu kuyazuia hayo mawili: dozi isiyo sahihi, na dawa kuangukia mkononi mwa asiyestahili.

BAGHDAD NA KALAMU YA TABIBU

Karne moja kabla ya hapo, Baghdad ilikuwa imeanza kuwawekea waganga utaratibu. Mwaka 319 Hijria (931), khalifa al-Muqtadir alipata habari kwamba mtu mmoja amekufa kwa kosa la tabibu. Akatoa amri kwamba asitibu mtu yeyote mjini mpaka apimwe na Sinan ibn Thabit ibn Qurra, mganga mkuu, ampe hati ya kueleza anaruhusiwa kutibu nini. Wanahistoria wametaja kwamba waliopimwa walizidi mia nane na sitini, mbali na wale mashuhuri ambao hawakuhitaji mtihani.

Katika mitihani hiyo kuna kisa kimoja ninachokipenda. Aliingia mzee mmoja mwenye mavazi mazuri na haiba, Sinan akamheshimu na kumkalisha karibu naye. Walipobaki wawili, mzee akamwekea dinari mbele yake akakiri kwamba hajui vizuri kusoma wala kuandika, lakini ana familia na riziki yake inatokana na uganga. Akaomba asikatiwe. Sinan akacheka, akamruhusu kwa sharti: asimpe mgonjwa jambo asilolijua, wala asiagize kutoa damu au dawa kali ya kuendesha tumbo isipokuwa kwa maradhi mepesi. Kesho yake akaja kijana. Ulisoma kwa nani? Kwa baba yangu. Baba yako ni nani? Ni yule mzee wa jana. Akaambiwa basi na wewe shika sharti lilelile la baba yako.

Tunacheka, lakini tazameni kilichofanyika pale. Sinan angeweza kumfukuza mzee na kuwaacha wagonjwa wa mtaa wake bila mtu. Au angeweza kumwachia kila kitu. Akachagua njia ya kati, ruhusa yenye mipaka, kila mtu kwa kiasi cha elimu yake. Likumbukeni hilo, maana tutalikuta tena Kampala baada ya zaidi ya miaka elfu moja.

Baadaye ikaja kazi ya hisba. Muhtasibu alikuwa akikagua masoko, mizani, wauza nyama, waoka mikate, na pia waganga na wauza dawa. Katika karne ya 12 al-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasibu, na humo ameeleza jinsi wauzaji wanavyoghushi afyuni kwa kuchanganya utomvu wa mimea mingine, ukiwemo wa majani ya saladi, na jinsi ya kuutambua udanganyifu huo. Ameeleza pia utaratibu wa cheti cha dawa. Tabibu akimwona mgonjwa anaandika alichokikuta na alichokiagiza, na nakala anawaachia jamaa wa mgonjwa. Siku ya pili anaandika tena, na ya tatu, mpaka mgonjwa apone au afe. Akifa, jamaa wanazipeleka nakala zile kwa mganga mkuu wa mji. Akiona tabibu alifuata njia ya elimu, anawaambia ajali imefika. Akiona kuna uzembe, anawaambia chukueni diya kwa tabibu.

Cheti chenye nakala, basi, ni cha zamani sana. Hakikuletwa na wakoloni wala na ofisi ya Geneva.

Na ama kuhusu hukumu ya sheria, wanazuoni walilizungumza jambo hili wazi. Imam al-Nawawi, ambaye madhehebu yake ya Shafi’i ndiyo inayofuatwa na wengi wetu huku Afrika Mashariki, alipozungumzia mtu ambaye kiungo chake kimeoza na hakikatiki ila akili iondolewe kwa dawa ya kulevya isiyo pombe, aliona kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba inajuzu. Waliharamisha kula afyuni kwa starehe, na walitenganisha na haja ya matibabu. Sisi wa baadaye ndio tuliovichanganya vitu viwili.

KUTOKA UTOMVU HADI MOFINI

Tatizo la afyuni ya zamani lilikuwa kwamba donge moja lina nguvu na jingine halina. Mtengeneza dawa kijana wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, mwanzoni mwa karne ya 19 alifanikiwa kuitoa ndani ya afyuni ile chembe inayotuliza, akaipa jina la mungu wa ndoto wa Wayunani, Morpheus. Kuanzia 1827 kampuni ya Merck ya Darmstadt ikaanza kuitengeneza kwa biashara. Sasa daktari aliweza kupima kwa miligramu. Katika miaka ya 1850 ikaja sindano, na mofini ikaenea hospitalini na vitani. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ikauza heroini, iliyotengenezwa kutoka mofini, ikiisifu kuwa dawa ya kikohozi. Ndiyo, dawa ya kikohozi, na ilinunuliwa bila shida.

Wakati huohuo afyuni ilikuwa biashara ya dola. Uingereza iliipiga vita China mara mbili, 1839 hadi 1842 na 1856 hadi 1860, na sababu kubwa ilikuwa afyuni ya India ambayo wafalme wa China hawakutaka iingie kwao. Mamilioni ya watu wakawa watumwa wa bomba la kuvutia. Ndipo kelele zilipoanza. Mwaka 1909 mataifa 13 yalikutana Shanghai, na tarehe 23 Januari 1912 mkataba wa kwanza wa kimataifa wa afyuni ukatiwa saini mjini The Hague. Ulisema mofini, heroini na kokeini zitumike kwa tiba na matumizi halali tu.

Hapa historia inagusa nchi yetu kwa namna ambayo sikuitegemea. Nchi nyingi hazikuharakisha kuuridhia mkataba ule, vita vya 1914 vikaingia. Baada ya vita, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliweka kifungu kwamba anayeuridhia huu ameuridhia na ule wa afyuni. Ni mkataba huohuo ulioinyang’anya Ujerumani makoloni yake, Urundi ikiwemo, ambayo majeshi ya Ubelgiji yalikuwa yameishika tangu 1916. Kwa hiyo siku ile ile tulipobadilishiwa bwana mezani Ulaya, sheria ya afyuni ilikuwa kwenye meza hiyo.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mkataba wa Geneva wa 1925 ulileta vibali: dawa haiondoki nchi moja mpaka nchi inayoipokea itoe cheti cha kuiruhusu. Ule wa 1931 ulileta makadirio, kila nchi iseme mapema inahitaji kiasi gani kwa mwaka. Kisha yote yakakusanywa katika Mkataba Mmoja wa Dawa za Kulevya, New York, Machi 1961, mwaka uleule tuliompoteza Rwagasore. Burundi ilijiunga nao mwaka 1993.

Mkataba wa 1961 watu huusoma kwa upande mmoja. Kila mtu anajua unazuia. Wachache wanajua kwamba katika utangulizi wake umetamka kuwa dawa hizi ni za lazima kwa kutuliza maumivu na kwamba nchi zinatakiwa kuhakikisha zinapatikana. Nchi inayofunga kabati ikapoteza ufunguo haijautimiza mkataba, imeutimiza nusu.

KARATASI ZENYEWE

Sasa tuje kwenye zile karatasi za daktari wetu. Mkataba unataka dawa hizi zitolewe kwa cheti cha tabibu, na unaziachia nchi nafasi ya kuchapisha vitabu maalumu vya vyeti vyenye vishina. Kila dola ilifanya kwa desturi yake. Uingereza ilitunga Sheria ya Dawa za Hatari ya 1920, na makoloni yake yakaiga. Ndiyo maana mpaka leo ukienda Nairobi au Kampala utawasikia wauguzi wakisema dawa fulani ni "DDA". Hizo ni herufi za sheria ile ya Waingereza. Dawa inakaa katika kabati la kufuli mbili, kila ampuli inaandikwa katika daftari, na wawili wanatia saini.

Ufaransa, ambayo desturi yake ya tiba imewafikia madaktari wengi wa nchi zetu zinazosoma kwa Kifaransa, ilianza na sheria ya Julai 1916. Daktari alikuwa na karne yenye vishina, na kiasi cha dawa kilitakiwa kuandikwa kwa maneno, si tarakimu, ili mtu asiongeze sifuri kwa kalamu yake. Dawa ilitolewa kwa siku saba tu. Hebu fikirini mgonjwa wa kijijini, siku saba, kisha arudi tena mjini! Wafaransa wenyewe waliona ugumu. Mwaka 1995 mofini ya kunywa ikaruhusiwa kwa siku 28, na mwaka 1999 karne ile ikaachwa, ikaja karatasi maalumu isiyoghushika kirahisi.

Kila sharti moja ukilitazama peke yake lina akili. Jina kamili la mgonjwa, ili dawa isiende kwa mwingine. Dozi kwa maneno, kwa sababu ya kile kisa cha Ibn Sina. Muda maalumu, ili daktari amwone tena mgonjwa. Daftari, kwa sababu ya watumishi wezi. Ubaya unakuja yanapokusanyika mahali penye madaktari wachache, barabara mbovu na hofu ya polisi. Daktari anaogopa kuandika, mfamasia anaogopa kuweka, wizara inaona hakuna anayeomba, basi inaandika makadirio madogo kwa bodi ya kimataifa iliyoko Vienna, na mwaka unaofuata kinakuja kidogo zaidi. Hakuna hata mmoja aliyevunja sheria, na mgonjwa analia.

KAMPALA, 1993

Mtu aliyelivunja duara hilo katika eneo letu alikuwa daktari mwanamke aliyezaliwa Liverpool, Anne Merriman. Alikuwa amefanya kazi Nigeria, kisha Malaysia na Singapore. Huko Singapore, yeye na wafamasia walitengeneza mofini ya kunywa kwa njia rahisi kabisa: unga wa mofini, maji, na kitu cha kuihifadhi isiharibike. Haihitaji sindano wala kiwanda kikubwa. Mwaka 1990 akaja Nairobi Hospice kuwa daktari wake wa kwanza, na mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala akiwa na fedha za miezi michache tu. Miongoni mwa walioanza naye alikuwamo muuguzi kutoka Kenya, Fazal Mbaraka. Dkt. Merriman alifariki mwaka 2025 huko huko Uganda.

Kabla ya kufungua mlango aliiwekea serikali sharti moja: muniruhusu kuingiza unga wa mofini, la sivyo sina cha kufanya hapa. Wakati ule ukimwi ulikuwa unaimaliza Uganda, na saratani zinazofuatana nao zilikuwa nyingi. Serikali ikakubali. Chupa zilizo na dawa nyepesi zilitiwa rangi ya kijani ya chakula, na zile kali rangi nyingine, ili mtu asiyejua kusoma asikosee chupa. Mgonjwa anakunywa kila baada ya saa nne, kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi. Huo ulikuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani tangu 1986: kwa kinywa, kwa saa, na kwa ngazi, ukianza na dawa nyepesi na kupanda mpaka mofini.

Lakini daktari mmoja na wachache wenzake wataandika vyeti vingapi? Sheria ilisema mofini iandikwe na daktari, na wilayani huko madaktari wenyewe walikuwa wa kuhesabu. Aliyekuwa wilayani ni muuguzi. Hapo ndipo watu kama Dkt. Jack Jagwe, daktari mkongwe wa Uganda aliyejua njia za wizara, walipofanya kazi isiyoonekana ya kuandika kanuni. Mwaka 2004 kanuni mpya ikapita: wauguzi na waganga wasaidizi waliosomea mafunzo maalumu ya miezi tisa ya kutunza wagonjwa wa namna hii wakaruhusiwa kuandika cheti cha mofini wenyewe. Uganda ikawa mfano duniani kote kwa jambo hilo. Na mofini yenyewe hupewa mgonjwa bure, serikali inagharamia.

Mmeona? Ni ile ruhusa ya Sinan. Hawakuvunja kabati, waliongeza idadi ya mikono inayojua kulifungua, na kila mkono umepimwa. Tofauti ni kwamba wauguzi hawa walipewa elimu kwanza, na yule mzee wa Baghdad alipewa mipaka tu.

Huenda mkauliza, je, Uganda haikujaa walevi wa mofini? Mofini ile imechanganywa na maji mengi, ni chungu, na aliyezoea unga haifikirii. Tangu 1993 mpaka leo haikugeuka kuwa biashara ya mitaani. Vijana wetu wanaoangamia Bujumbura kwa ule unga wanaouita "boost" hawakuupata kwa daktari wa saratani. Unga huo unaingia kwa njia zake za magendo. Najua wazazi wengi katika mitaa yetu wana majeraha ya jambo hilo, na ndiyo maana neno "mofini" linawatisha. Wana haki ya kutishika.

MAJIRANI, NA WALIOZIDISHA

Rwanda, jirani yetu wa karibu kabisa, ilipitisha sera yake ya kutuliza maumivu ya wagonjwa mahututi mwaka 2011, kisha ikaanza kutengeneza mofini ya kunywa hapo kwao. Tanzania kwa miaka mingi iliitegemea Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo majengo yake ya kale yanatoka enzi za Wajerumani. Mgonjwa wa Kigoma, ng’ambo tu ya ziwa letu, alihesabu siku za safari. Kenya mwaka 2010 ilisemwa waziwazi na Human Rights Watch katika ripoti kuhusu watoto wanaoteseka kwa maumivu bila dawa.

Mwaka 2017 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitoa hesabu ya dunia nzima. Katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawanywa kila mwaka, nchi maskini, kundi ambalo Burundi imo, zilipata tani 0.1. Someni tena hiyo tarakimu.

Zilizobaki zilikwenda wapi? Nyingi Marekani, na huko walifanya kosa la upande wa pili. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza OxyContin ikiwaambia madaktari kwamba hatari ya kuzoea ni ndogo. Madaktari wakaandika, hata kwa maumivu ya mgongo na ya jino. Mwaka 2007 kampuni ilikiri kosa mahakamani kwa kudanganya kuhusu dawa hiyo, na mwaka 2020 ikakiri makosa tena. Mamia ya maelfu ya watu wamekufa kwa dawa za jamii hiyo, za hospitali na za magendo. Mwaka 2016 wakuu wa afya wa huko wakatoa mwongozo wa kubana, baadhi ya madaktari wakaogopa wakawakatia ghafla hata wagonjwa waliohitaji kweli, na mwaka 2022 mwongozo ukarekebishwa. Ndugu zetu Warundi waliohamia kule wameyaona: wanaombwa vitambulisho, majina yao yanaingizwa katika kompyuta ya jimbo, na cheti kimoja hakitumiki mara mbili. Wasikasirike. Ni nchi iliyoungua.

Kwetu hapa Bujumbura hospitali zipo, kuanzia Prince Régent Charles mpaka ile ya Kamenge yenye jina la Mfalme Khalid wa Saudia, na wapo madaktari na wauguzi wanaojua kazi hii na wanaotaka kuifanya. Familia inayouguza mgonjwa wa saratani ina haki ya kumwuliza daktari wazi: je, mofini ya kunywa inaweza kupatikana, wapi, na kwa cheti gani? Mkipewa, ulizeni na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo karibu kila mtu, na wengi huiacha kwa sababu hiyo tu. Andikeni saa za dozi ukutani. Chupa iwekwe mahali watoto hawafiki, na mgonjwa akifariki iliyobaki irudishwe hospitalini, isibaki kabatini wala asipewe jirani mwenye kuumwa mgongo. Na mgonjwa wa namna hii asilazimishwe kufunga Ramadhani eti dawa aisogeze usiku. Rukhsa yake inajulikana.

Yule mzee wetu bado yu hai, Allah ampe umri wenye kheri. Mwaka jana nilimsomea yale ya al-Nawawi, nikamweleza na habari ya chupa za kijani za Kampala. Alinyamaza muda mrefu akiwa ameshika tasbihi yake. Kisha akaniuliza, "Mbona hamkuniambia wakati ule?"

Sikuwa na jibu. Wakati ule na mimi nilikuwa sijui.